Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025, Uliofanyika 2026: Fedha za Uzio na Madarasa ya Januari 2028

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, Mkuu wa Shule, wenyeviti wa vijiji, ndugu wanachama wa chama chetu cha kuendeleza shule yetu ya sekondari, itifaki imezingatiwa.

Shughuli za kawaida nitazipitia haraka, maana wengi wenu mlikuwapo, au mlipaswa kuwapo. Mahafali ya kidato cha nne yalifanyika na zawadi zilitolewa. Miti ilipandwa, iliyo hai ni ile ya karibu na bomba. Makande ya mchana kwa kidato cha pili na cha nne yaliendelea kwa mahindi na maharage ya wazazi waliochangia kwa hiari, nasi tunawashukuru. Kamati tendaji ilikutana mara tisa. Nilihudhuria vikao vyote tisa.

Sasa fedha za uzio, kwa kuwa najua ndizo zilizojaza viti leo. Tangu 2022 tulikusanya shilingi 14,200,000 kwa ajili ya uzio wa shule. Septemba mwaka jana kamati ilizihamishia kwenye vyumba viwili vya madarasa na matundu sita ya vyoo. Baadhi yenu mliandika barua kwa Mtendaji wa Kata kwamba mwenyekiti amejichukulia maamuzi. Barua nimeisoma, na nitaijibu hapa mbele ya wote.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, walioingia nao darasa la tatu ndio watakaoishia darasa la sita. Waliokuwa darasa la nne mwaka ule wanaendelea na utaratibu wa zamani hadi la saba. Hesabuni wenyewe: madarasa hayo mawili yanamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 yanabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Leo, mwaka 2026, watoto hao wako darasa la tano na la sita. Sikusubiri mtu aniletee takwimu. Niliomba idadi kwa walimu wakuu wa shule nne za msingi zinazotuletea wanafunzi. Darasa la tano wako 171, la sita 158, jumla 329. Tukitoa moja ya kumi kwa watakaohama au kwenda shule binafsi, wanabaki 296. Na kwa kuwa elimu ya lazima inafika kidato cha nne, si salama tena kupanga kwa kutegemea kwamba wengi wataachwa njiani.

Kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa darasa, 296 wanahitaji vyumba vinane. Kidato cha pili, cha tatu na cha nne mwaka huo vitachukua vyumba tisa. Jumla 17, nasi tuna 11. Vyoo navyo: tundu moja kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25. Shule ikifika wanafunzi wapatao 650, nusu kwa nusu, tunahitaji matundu 17 ya wasichana na 13 ya wavulana. Tuliyonayo ni 10 na 8. Uzio haupunguzi hata tundu moja katika upungufu huo.

Wapo waliosema wimbi litapita, kwa nini tujenge vya kudumu? Kweli, Januari 2029 linaingia darasa moja tu. Lakini hao 296 hawaondoki. 2029 wako kidato cha pili, 2030 cha tatu, na wanamaliza mwishoni mwa 2031. Ni miaka minne mizima. Wakiondoka, vyumba hivyo vinaweza kugeuzwa maktaba au chumba cha ushonaji. Wengine walipendekeza zamu mbili, asubuhi na mchana. Mwalimu wa hisabati ni mmoja. Zamu ya pili tutampa nani? Na mtoto wa mlimani, ambaye sasa atakuja akiwa mdogo kwa mwaka mzima, atatembea saa ngapi gizani?

Kuhusu kutoitisha mkutano mkuu: tuliuitisha. Tuko wanachama 163, na akidi, yaani idadi ya chini ya kuhalalisha mkutano, ni nusu. Juni mlikuja 47, Agosti 39. Mara zote mbili tulikunywa chai tukaondoka. Kwenye mapendekezo ya bajeti ya halmashauri, yanayoanzia vijijini na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata miezi ya mwisho ya mwaka, boma lililosimama, yaani kuta zisizo na paa bado, lina nguvu kuliko ombi la karatasi. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Tukikosa 2026/27, bajeti inayofuata inatuachia miezi sita tu kabla ya Januari 2028, na hapo ukitoa muda wa fedha kufika, hakipauliki hata chumba kimoja. Kamati ilitumia kifungu cha dharura cha katiba yetu wenyewe. Sioni ubabe hapo.

Matumizi ni haya: saruji, nondo, mchanga na kokoto 7,900,000, mafundi 2,200,000, vyoo 1,250,000. Jumla 11,350,000, salio 2,850,000. Vyumba vimefika lenta, mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Fundi wa kwanza alikuwa akitoa tofali 45 za inchi sita kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Zilimeguka kwa kidole. Mimi ndiye niliyemsimamisha. Wa pili alitoa 32, zikamwagiliwa maji siku saba kivulini. Hatari iliyobaki ni mvua. Boma likikaa misimu miwili bila paa, maji huingia kwenye vichwa vya kuta na lenta hupasuka. Tumeziba juu kwa chokaa ya saruji; hiyo ni kinga ya muda. Tutakapopaua, nitasisitiza bati la geji 28. La 30 ni jembamba zaidi na nafuu dukani, ila upepo wa kwetu mnaujua.

Wanaodai karakana ya magari ili tupate mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, nawaelewa, lakini jengo ndilo jambo rahisi. Inatakiwa mwalimu mwenye ufundi huo, umeme wa njia tatu, vifaa vya kutosha kila mwanafunzi aguse kwa mkono wake, na malighafi kila muhula. Nani atanunua malighafi? Kamati imeahirisha.

Swali hilo linanipeleka kwenye ada. Ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 58, waliolipa nusu 31, na 74 hawajatoa hata senti. Tulitarajia 3,260,000, tukapata 1,470,000. Miongoni mwa walioweka saini ile barua, wapo wengi wa kundi la 74, majina sitayataja. Aliyependekeza watoto wa wasiolipa warudishwe nyumbani, hilo haliwezekani. Elimu ni bila ada tangu 2016, michango ni ya hiari, na mtoto haadhibiwi kwa deni la chama.

Kwa mwaka ujao tunatarajia halmashauri itamalizia vyumba hivi viwili na, ikiwezekana, kuongeza viwili. Tunatumaini wahitimu walioko mijini watashika upande wa vyoo. Hosteli ya wasichana nayo tunaifikiria. Uzio utarudi fedha zikipatikana.

Mhazini yuko mezani kulia na kitabu cha risiti. Naomba kuwasilisha.