Barua ya wazi kwa afisa anayetoa vibali vya kumbi na matamasha

Mheshimiwa,

Kuna watu ambao mlio hauwatoki masikioni. Unavuma au unapiga filimbi usiku na mchana, wala hakuna chombo cha nje kinachoutoa. Wengi wameuzoea. Kinachowarudisha nyuma ni sauti kubwa, ambayo huufanya uchachamae kwa saa kadhaa, pengine kwa siku nyingi. Kibali kisichotaja desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kinamwachia fundi mitambo aamue jambo la afya za watu.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100 katika dakika 15. Tunaomba namba hiyo iandikwe kwenye kila kibali. Hata hivyo, haitoshi peke yake. Kwa hesabu inayotumika sana kulinda wafanyakazi, kikomo cha siku ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda hukatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Zikifika 100 zinabaki dakika 15. Tamasha la saa 3 limeshavuka mbali sana, na ndiyo maana kiwango hichohicho kinataka pia vizibo vya masikio na mahali patulivu pa kupumzikia.

Kipimo nacho kiwe kile kilichohakikiwa usahihi, na awepo mtu aliyekabidhiwa kazi ya kukiangalia. Programu ya simu isikubaliwe kama ushahidi. Maikrofoni za simu hupishana sana.

Kwenye vizibo ndiko kunakoharibika zaidi. Kuvigawa mlangoni bila maelekezo ni karibu sawa na kutovigawa. Kizibo cha sponji husokotwa kwa vidole safi hadi kiwe chembamba, bila mikunjo. Mkono wa pili unapita nyuma ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke. Kinaingizwa upesi kabla hakijatanuka, kisha kinashikiliwa kwa kidole sekunde 20 hadi 30. Sauti ya mvaaji ikimrudia nzito kichwani, kimekaa. Kikining'inia nje, kinavuja, na mwanya mdogo tu unatosha kupitisha besi. Namba ya kinga iliyo kwenye pakiti ilipatikana maabara. Masikioni mwa watu hupungua sana. Pamba haifai kabisa.

Kosa jingine ni kukitoa ili kuzungumza. Kizibo kinachopunguza desibeli 30 kikivaliwa nusu ya muda tu, kinga yote iliyobaki ni kama desibeli 3. Watu hukitoa kwa sababu sponji hukata zaidi sauti nyembamba, muziki ukabaki mzito. Basi viwepo pia vizibo vyenye kichujio, vinavyoshusha sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana. Watoto wadogo wapewe vifunika masikio vya nje.

Chumba tulivu kisiwe cha kimya cha kaburi. Kwenye kimya kizito mlio ndio unaosikika zaidi, na mwenye nao huanza kuusikiliza. Feni inayozunguka taratibu, au sauti ya maji iliyo chini kidogo ya mlio wenyewe, humpumzisha. Kwa sababu hiyohiyo, vizibo visivaliwe mchana kutwa mahali pasipo na kelele: ubongo hujiongezea usikivu, na hata sauti ya vyombo jikoni huanza kuumiza.

Mwisho, wafanyakazi wa ukumbi wajue dalili moja. Mtu akipoteza usikivu ghafla, hata wa sikio moja, asiambiwe alale kwanza aone kesho. Amwone daktari siku hiyohiyo, maana tiba ya tatizo hilo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, na kila siku inayopita hupunguza nafasi ya usikivu kurudi.