Visanduku vya ndege: tukutane Jumamosi

Habari za jioni wazazi na walimu. Jumamosi saa 2 asubuhi tunatundika visanduku vya viota pale shuleni Moshi. Watoto wamemaliza 9. Kimoja kimepasuka ubavuni, msumari ulikuwa mnene mno, tutakiziba palepale.

Wa darasa la nne wananidai jibu: mbona mnana hajengewi? Huyo anasuka kiota chake mwenyewe kwa nyasi, hana shida na sisi. Visanduku ni vya wanaotaga kwenye mashimo, kama shomoro na baadhi ya kwezi, maana miti mizee yenye mashimo tunaikata. Nilipowasimulia hondohondo, kwamba jike hujiziba ndani ya shimo la mti kwa udongo na kuacha upenyo mwembamba wa dume kumlishia, darasa zima lilinyamaza. Kisha mmoja akauliza, "Na akisahau kuleta chakula?"

Mzazi aliyeleta rangi, asante sana, ila tupake nje tu. Kile kijiti mbele ya tundu nimeking'oa, kinamrahisishia kazi mwizi wa mayai. Chini tumetoboa vitundu vya kutoa maji. Tutatundika mita 3 hivi kutoka chini, tundu lisielekee mvua inakotokea.

Mwenye ngazi ndefu aniambie kabla ya Ijumaa. Na kile kisanduku kikubwa ni cha bundi. Naomba maneno ya uchawi tuyaache nyumbani, anakula panya huyo.