Kabla hujawalipa wote sawa, jiandike na wewe

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka kila mtu hapo kazini, kuanzia anayefanya usafi hadi fundi mkuu, apokee mshahara mmoja, na unaniuliza kama umechanganyikiwa. Hujachanganyikiwa. Ila maelezo yote yale marefu hayasemi wewe mwenyewe utalipwa kiasi gani.

Nauliza kwa sababu wenye biashara ndogo wengi hawajilipi, wanachota. Leo ada ya mtoto, kesho mafuta ya gari, keshokutwa "nitarudisha". Mwezi unakwisha na hakuna anayejua bosi amechukua ngapi, hata bosi mwenyewe. (Anayeshika droo anajua, na akijua yeye wamejua wote.) Ukitangaza usawa huku mkono wako bado uko kwenye droo, watakupigia makofi kikaoni kisha watakucheka jikoni. Jina lako liingie kwenye orodha ya mishahara pamoja na yao, kwa kiwango kile kile. Faida ni hesabu nyingine. Mtaji ni wako na deni la benki liko kwa jina lako, kwa hiyo una haki nayo, lakini ichukuliwe mwaka ukishafungwa na kodi imelipwa, si Jumatano mchana.

Mwaka 2015 kampuni ya Gravity Payments ya Seattle, Marekani, ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wake kitapanda hatua kwa hatua hadi dola 70,000 kwa mwaka. Mkurugenzi wake alikuwa akilipwa takriban dola milioni moja. Akajishusha hadi hizo hizo 70,000. Hata hivyo, baadhi ya wafanyakazi waliojiona wamechangia zaidi waliondoka, kwa kuona wageni wameinuliwa karibu na kiwango chao. Na pale, ukimtoa mkurugenzi mwenyewe, walioko juu hawakupunguziwa kitu, walioko chini ndio waliopandishwa.

Basi fikiria fundi wako. Usithubutu kumshusha ili alingane na wengine. Katika nchi nyingi kupunguza mshahara wa mkataba bila ridhaa ya mtu ni kujitafutia kesi. Mshahara wake uache ulipo, wengine wapande kidogo kidogo hadi wamfikie. Itachukua muda, na biashara yako haina haraka kiasi hicho.

Halafu, sawa kwa mwezi au sawa kwa saa? Mwenye saa 48 kwa wiki na mwenye saa 30 wakipokea bahasha moja, huo si usawa. Lipa kwa saa, na saa za ziada zilipwe.

Utaambiwa watu watakuwa wavivu. Hilo halinisumbui sana, maana mvivu yupo hata leo na mshahara wake wa ngazi. Linalonisumbua ni siku utakapohitaji mtu mwenye ujuzi adimu, na soko linampa mara mbili ya kiwango chako. Hata Mondragon, ule ushirika wa Wabaski nchini Hispania ulioanza mwaka 1956, haukulipa wote sawa: mwanzoni wa juu hakuzidi mara 3 ya wa chini, na baadaye pengo likaruhusiwa kukua. Suma, ushirika wa vyakula wa Uingereza, ulilipa sawa kwa miongo mingi, lakini pale wafanyakazi ndio wenye mali, na walizoea kubadilishana kazi, mtu akiendesha lori siku moja na nyingine akiwa ofisini. Wa kwako si wenye mali. Mimi ningeanza na pengo la mara mbili, niwagawie sehemu ya faida, kisha nione.

Kabla ya kikao, kaa na fundi peke yake umweleze. Akisema anaondoka, msikilize, muagane vizuri ikibidi. Usimbembeleze kwa nyongeza ya pembeni, kwa sababu haitakaa siri hata wiki, na ukiitisha kikao kingine hakuna atakayekuamini.

Kaka yako