Shimo la Sifuri Liandikwe kwa Kiswahili

Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti wa Kamari, Nairobi
Nakala: Waziri wa Kaunti ya Kilifi anayehusika na leseni za burudani

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Shela. Si ile Shela ya Lamu inayopigwa picha za magazeti, ni hii yetu ya Malindi mjini.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa dila katika jumba moja la kamari hapa mjini. Dila ndiye anayegawa karata na kuzungusha gurudumu la ruleti. Mifuko ya suruali yake imezibwa kwa uzi, na kila akiondoka mezani hupiga makofi na kugeuza viganja ili kamera zione kwamba hakutoka na kitu. Jumba silitaji jina. Waliokuwapo wanalijua, na wasiokuwapo halitawasaidia.

Najua meza yako imejaa. Nchi nzima inalia na kubeti kwa simu na zile mashine za bonanza zilizoingia hadi vibandani. Moto ule ni mkubwa kuliko wangu. Lakini kwa kuwa Sura ya 131, ile sheria ya zamani ya kamari ya mwaka 1966, imezikwa, na sheria mpya iliyotiwa saini Agosti 2025 inahitaji kanuni za kuifanyia kazi, nakuomba usizisahau meza: ruleti, karata ya ishirini na moja, na ile ya benki na mchezaji. Meza hazina kelele, na ndiyo maana husahaulika.

Nianze na usiku mmoja.

Alikuja nahodha wa mashua zinazopeleka watalii kutazama matumbawe, mtu mzima, mcheshi, Kiitaliano anakitiririsha kuliko baadhi ya wahudumu wa hoteli. Kusoma, hata hivyo, anasoma Kiswahili tu. Jana yake alicheza ishirini na moja, akapata ree, yaani karata ya moja, na karata ya kumi kwa mkupuo, dau lake shilingi 1,000. Nikamlipa 1,500. Usiku ule bahati ikarudi vilevile, ree na kumi, dau 1,000. Nikamsogezea 1,200.

Akazitazama chipu, vile vidude vya mezani vinavyosimama badala ya pesa, akanitazama mimi. “Mwanangu, mia tatu yangu iko wapi?”

Nikamwonyesha kitambaa cha meza. Kilikuwa kipya, kimetandikwa asubuhi, na juu yake pameandikwa kwa Kiingereza kwamba malipo sasa ni sita kwa tano. Cha jana kilisema tatu kwa mbili. Mteja wa pembeni akamtuliza: “Ami, umepandishiwa hiyo. Sita na tano si kubwa kuliko tatu na mbili?” Nahodha akacheka, akaendelea kucheza. Mimi nikanyamaza, kwa sababu tuliambiwa tukiulizwa tuseme “ndiyo sheria ya nyumba”, yaani ya jumba la kamari, basi.

Hesabu yake, Mheshimiwa, ni hii. Mkono wa ree na kumi huja takriban mara moja katika mikono 21. Kwa dau la elfu moja, kitambaa kile kipya kilikuwa kinamnyofoa mchezaji shilingi 300 kila mikono 21, kama shilingi 14 kwa kila mkono, juu ya kile ambacho nyumba ilikuwa ikipata tangu zamani. Hakuna aliyeiba. Hakuna karata iliyofichwa. Kilichobadilika ni kitambaa.

Sasa ruleti, ambayo ndiyo kazi yangu hasa, na hapa nivumilie kidogo kwa sababu ndipo penye utamu.

Dila akifundishwa hukaririshwa namba tano kama mtoto wa chuoni anavyokaririshwa juzuu: 35, 17, 11, 8, 5. Ukiweka dau kwenye namba moja na gololi ikaangukia hapo, unalipwa mara 35. Kati ya namba mbili, mara 17. Safu ya namba tatu, 11. Pembe ya namba nne, 8. Sita, mara 5. Kisha dau la namba kumi na mbili kwa pamoja hulipwa mara mbili, na nyekundu au nyeusi, shilingi kwa shilingi. Nilizikariri kwa miezi kabla ya kugundua kwamba zote ni watoto wa mama mmoja. Chukua 36, gawa kwa idadi ya namba ulizofunika, ondoa moja. Jaribu yoyote, itatoka.

Maana yake nyumba inalipa kana kwamba gurudumu lina vishimo 36. Vihesabu: viko 37. Kimoja ni sifuri, cha kijani.

Njia rahisi ya kumweleza mtu ambaye hapendi hesabu ni hii. Aweke shilingi 100 juu ya kila namba, sifuri ikiwemo. Ametoa 3,700. Gololi lazima iangukie mahali, kwa hiyo lazima ale, yaani ashinde. Atarudishiwa 3,600, yaani 3,500 za malipo na mia yake. Ameshinda, na bado ameacha mia moja mezani. Hiyo mia ndiyo inayolipa taa, kiyoyozi, mshahara wangu wa wakati ule na kodi yenu. Siichukii. Ni asilimia 2.7, na mfanyabiashara gani wa soko la Malindi anaridhika na asilimia 2.7? Ila mfanyabiashara wa soko huchukua faida mara moja kwa kila fungu. Gurudumu huzunguka mara kama 40 kwa saa, na fungu la nyumba, ile asilimia 2.7, hukatwa kwenye kila dau, hata dau la pesa ulizokwisha kula.

Na lipo gurudumu la pili, lenye sifuri mbili. Vishimo 38, malipo yaleyale. Yule wa mia mia atatoa 3,800 na kurudishiwa 3,600. Fungu la nyumba limepanda hadi asilimia 5.26, karibu mara mbili, kwa kuongeza kitundu kimoja chenye ukubwa wa ncha ya kidole. Mtu aliyesimama upande wa pili wa meza na soda yake hawezi kuliona hilo. Nimewahi kumuuliza mteja wa miaka mingi gurudumu lake lina vishimo vingapi. Akasema 36.

Kwenye ile karata ya benki na mchezaji, ukiweka dau upande wa mchezaji au wa benki nyumba inapata zaidi kidogo ya shilingi moja kwa kila mia. Ukiweka kwenye sare, ambayo hulipwa mara nane na ndiyo inayong'aa machoni, inapata zaidi ya shilingi 14 kwa kila mia. Meza ileile, sentimita chache pembeni. Yatosha.

Waingereza, ambao tuliwarithi sheria nyingi, walilipitia jambo hili hadi mahakama yao ya juu kabisa. Sheria yao ya 1960 ilifungulia klabu za kamari mlango, ila ikataka wachezaji wote wawe na nafasi sawa. Sifuri ikawa kesi, kwa kuwa nafasi sawa itatoka wapi ikiwa kishimo kimoja ni cha mwenye meza? Mwaka 1968 wakatunga sheria nyingine: bodi ya kudhibiti, klabu zenye leseni, na waziri akapewa uwezo wa kuandika kanuni za michezo ya kuchezwa dhidi ya nyumba. Malipo ya ruleti hayakuwa tena siri ya kitambaa, yakawa kanuni ya serikali. Klabu ilikatazwa kucheza kwa mkopo, na hundi ya mteja ilibidi ipelekwe benki ndani ya siku mbili za kazi. Hata mwanachama mpya alisubiri saa 48 tangu kuandikisha nia yake ndipo acheze, ili asiingie kwa mori wa usiku mmoja. Baadaye zikawa saa 24, na sheria yao ya 2005 ikaufuta muda huo kabisa. Lakini masharti yaliyofuata hiyo ya 2005 yaliacha jambo moja ambalo ndilo ninalolitaka mimi. Kasino inatakiwa kuonyesha sheria za kila mchezo unaochezwa ndani, na kumpa mteja mwongozo wa fungu la nyumba akiutaka.

Mwongozo huo nauomba hapa, kwa Kiswahili, mezani, kwa herufi zinazosomeka chini ya taa hafifu zile. Uandike vishimo ni vingapi, malipo ni kiasi gani, na katika kila shilingi 1,000 za dau nyumba hubakisha ngapi kwa wastani. Nyumba ikitaka kubadilisha malipo, itoe notisi ya siku kadhaa mlangoni kabla ya kutandika kitambaa kipya. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la mezani ni kitambaa.

Kuna atakayekwambia Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Mwambie aje Malindi. Karata tunaziita kopa, uru, shupaza na pao, na maneno hayo tuliyatoa kwa Wareno, ambao wakiongozwa na Vasco da Gama walitia nanga hapa mwaka 1498, na nguzo yao bado inasimama kando ya bahari. Karata za picha wazee waliziita wazungu. Mchezaji hula au huliwa. Mtu anayejua kusema “nimeliwa” anaweza kuelezwa ameliwa kiasi gani. Katiba yenyewe, Kifungu cha 7, inataja Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi wa huduma haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika nayo kikamilifu. Katika mji huu hata bei ya pizza imeandikwa Kiitaliano ili mgeni asibabaike. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nao mwenyeji wa kule mezani hakuandikiwa hata mstari.

Kuhusu mkopo nitasema machache maana linaniumiza. Nimeona logibuku ya tuktuk ikiingia kwenye droo ya ofisi na chipu zikitoka. Tuktuk haikurudi. Katazo la kukopesha chipu, na la kupokea rehani ya hati, logibuku au simu, liwe ndani ya kanuni kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma, na limhusu pia yule “rafiki wa nyumba” anayekaa baa akikopesha kwa jina lake.

Na mzozo ukitokea mezani, picha za kamera zihifadhiwe, na mteja awe na haki ya kutaka zitazamwe mbele ya mkaguzi wenu. Kwa sasa anayetazama ni yule anayelipa mshahara wa dila.

Imamu wa mtaani kwetu, nilipomsomea rasimu ya barua hii, aliniuliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa. Maisiri, yaani kamari, imeharamishwa katika aya ya 90 ya Suratul Maida, sasa mimi Mwislamu natafuta kanuni njema za haramu? Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwambia leseni inatolewa na serikali, siitoi mimi wala yeye, na milango inafunguliwa kila jioni tukipenda tusipende. Nikamwambia pia kwamba kibao kinachosema “katika kila elfu, 27 hazirudi, na gurudumu linazunguka mara 40 kwa saa” huenda kikawarudisha vijana nyumbani wengi kuliko hotuba za Ijumaa. Hapo alitabasamu kidogo, kisha akaniambia niiache kazi hiyo moyoni pia, si mwilini tu.

La mwisho ni la kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kamari mikono miwili: ya kitaifa kwenu, na kasino na kamari nyinginezo zikatajwa pia katika kazi za kaunti. Mkono mmoja ukiachia kitu ukidhani mwingine umeshika, kitaanguka. Nakuomba wewe na waziri wetu wa Kilifi mkubaliane nani hasa atatembea usiku kuja kuhesabu vishimo vya gurudumu. Mkaguzi anayekuja saa nne asubuhi hukuta meza zimefunikwa.

Wananchi wakiitwa kutoa maoni juu ya kanuni, kikao kimoja kifanyike Malindi, jioni, baada ya boti kurudi. Nahodha wangu ameniahidi atakuja. Nilimweleza hatimaye ile hesabu ya mia tatu, tukiwa tumekaa ufukweni, nikamchorea mchangani tatu kwa mbili na sita kwa tano. Aliitazama kwa muda, akaifuta kwa kisigino, akaniuliza kwa nini sikumwambia usiku ule. Sikumjibu.

Wako,
Aliyekuwa dila wa ruleti,
Shela, Malindi