Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari: Anayesoma maji redioni asidaiwe stashahada

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya habari,

Kwa heshima zote, nina ombi moja. Wizara yako itamke kwa maandishi kwamba mtu anayejitolea kusoma ratiba ya maji ya bahari kujaa na kupwa, bei za samaki na matangazo ya misiba kwenye redio jamii hahesabiwi kuwa mwandishi wa habari, wala hadaiwi stashahada.

Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Feri, Dar es Salaam. Kwetu ni mji mdogo wa pwani ya kusini, na kule tuna redio jamii isiyomlipa mtu yeyote mshahara. Mnada ukishachangamka alfajiri, najitenga na kelele za madalali, napiga simu studio, nataja bei: changu wameendaje, vibua ndoo shilingi ngapi, pweza wamejaa au wameadimika. Mtangazaji anarudia kila bei mara mbili, polepole, maana anajua kuna mtu anasikiliza huku akipaa samaki. Zamani bei tulikuwa tukiambiwa na mwenye gari la barafu, na mwenye gari la barafu ndiye huyo huyo mnunuzi. Hesabu hiyo, Mheshimiwa, unaijua.

Msoma maji wetu ni mzee mmoja, mvuvi mstaafu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, sifa zao wapewe. Ila tahadhari inasema mita za mawimbi na kilomita kwa saa. Mzee aliisoma kama ilivyokuja, neno kwa neno, kisha akaongeza ya kwake: huu si upepo wa kusi mliouzoea, vuteni vyombo juu kupita maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, walioko dago, kwenye kambi za uvuvi, warudi nyumbani leo, si kesho. Hayo hakuyasomea chuoni.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya habari, na kanuni zake zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Sipingi. Anayefukua mambo ya halmashauri au kuripoti kesi asome, tena asome sana. Watu wamechafuliwa hewani na vijana wasiojua hata kuuliza upande wa pili. Shida ni mpaka. Kule kwetu hakuna anayejua unapita wapi, na woga umefanya kazi kuliko sheria yenyewe. Mama wa kipindi cha kliniki kaacha kuja. Mzee sasa anamwandikia karatasi kijana mwenye cheti, ndiye asome. Kijana ni mwema kabisa, katokea bara, ila juzi kawatangazia wavuvi maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, wakati ni bamvua.

Kuna watakaosema basi redio iajiri wasomi. Kwa fedha ipi? Mapato yetu ni misiba, salamu za harusi na tangazo la duka la saruji. Luku yenyewe tunachangishana. Hapa Dar redio ni tele, na benki na kampuni za simu zinapigana vikumbo kutangaza. Nani atalipia tangazo lisikike vijiji vichache vya wavuvi? Na mwenye stashahada akibaki Dar kutafuta mshahara simlaumu.

Wala si sisi tu. Sengerema, Pangani na Karagwe nako kuna redio jamii, na redio za aina hii zinabebwa sana na watu wa kujitolea.

Waraka wa ukurasa mmoja unatosha. Utaje kazi ambazo mtu wa kujitolea anaweza kuzifanya hewani bila ithibati, na useme taarifa ya habari inabaki kwa mwenye ithibati. Nakala ifike kwa kila mkurugenzi wa halmashauri, ili atakayekuja studio kuuliza vyeti ajue amuulize nani na amwache nani. Ukitoka kabla kusi halijaanza, tutashukuru zaidi.

Wako,
Mchuuzi wa samaki, Soko la Feri, Dar es Salaam