Barua kwa mabinti zangu mnaofundisha vyuoni Marekani

Mabinti zangu,

Marahaba. Najua shikamoo zenu zimo njiani, lakini sina subira ya kuzingoja. Nimeudhika. Mnaojua Kiswahili mtawafasiria wenzenu weusi, Walatino na Waasia, maana yanawahusu pia.

Juni mwaka jana, 2020, korona imetufungia majumbani, chuo kimoja kilinialika, mimi mstaafu, kwenye kikao cha kamati ya usawa wa rangi. Zoom, saa tatu asubuhi. Mwandishi wa kikao alikuwa binti yetu mmoja, mhadhiri, mwenyeji wa Voi (amenipa ruhusa nisimulie). Nikaona macho yake hayatulii, kila mara yanashuka upande wa kushoto. Baadaye midomo ikaanza kutetemeka, maikrofoni imezimwa. Kikao kilipokwisha nikampigia. Kumbe alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la sukari, anamtazama mama yake akizikwa. Voi ilikuwa saa kumi jioni. Ndege za abiria kwenda Kenya zilisimamishwa tangu Machi, na mazishini hawakuruhusiwa zaidi ya watu 15. Nikamwuliza, mbona hukuomba udhuru?

"Mama, wangesema sijali. Kamati yenyewe ni yetu."

Yenu kivipi? George Floyd, Mmarekani mweusi, aliuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei, vyuo vikashindana kutoa matamko, kisha kazi mkatwikwa nyinyi. Aliyeonewa ndiye atengeneze, bure, na kumbukumbu za kikao aandike yeye! Darasani mnafundisha habari za kazi ya wanawake isiyolipwa, mnawasomesha vijana tamko la Combahee la 1977, la wanaharakati wanawake weusi wa Marekani, halafu mtu akiwaambia "tunahitaji sauti yako" mnayeyuka kama samli juani. Nami niliyeyuka hivyo hivyo miaka ishirini. Kitabu changu cha pili ni maboksi manne ya karatasi chini ya kitanda, na sijui nani atayatupa nikifa.

Semeni hapana. Msitoe sababu, ukitoa sababu watakutafutia dawa yake.

Halafu huu mwaka wa ziada mliopewa kwa sababu ya korona, kabla ya kupimwa kwa ajira ya kudumu. Uchukueni, lakini mpige hesabu: nyongeza ya mshahara nayo imesogea mwaka. Na mwenzako aliyepewa mwaka huo huo, mkewe analea watoto chumba cha pili, atautolea kitabu. Wewe utautolea mtoto aliyemaliza darasa la kwanza kwenye meza yako ya jikoni. Wapimaji watauliza, mwaka si mlipewa wote? Basi andika leo, ukurasa mmoja tu: tarehe shule ilipofungwa, wanafunzi waliokupigia usiku wakilia, kamati zote ulizobebeshwa. Utie kwenye faili kabla hujasahau. Wangari Maathai, alipofundisha Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya 1970, alipigania walimu wanawake wapate mafao yale yale ya wanaume, nyumba ikiwamo. Nyumba inahesabika. Shukrani za mkuu wa idara hazihesabiki.

Kuhusu ugonjwa. Mmemwona Daktari Susan Moore, mwanamke mweusi, alivyojirekodi kitandani hospitalini Indiana, anaugua korona, akisema maumivu yake hayaaminiwi. Amefariki tarehe 20 Desemba. Huyo alikuwa daktari, anazijua dawa kwa majina. Shahada yako ya fasihi itakusaidia nini wodini? Ukilazwa, muweke mtu kwenye simu asikilize kila neno, awe mkorofi kidogo.

Mengine mnayajua. Pimeni presha. Laleni. Zimeni kamera mkila. Mlipeni yaya hata wiki ambazo hakuja, na msinifungulie mdomo juu ya ufeministi kabla hamjamlipa.

Nimefoka, najua. Wengine hamjakumbatiwa na mtu mzima tangu Machi, nami ninawafokea.

Wewe wa Voi, Kenya ilifungua ndege tangu 1 Agosti. Darasa lako liko kwenye kompyuta, na Voi kuna mtandao. Nimemwandikia mwenyekiti wa kamati kwamba Februari usihesabiwe, unisamehe sikukuuliza. Nusu ya nauli iko kwangu, uje uichukue. Uje na barakoa.

Bibi yenu,
Januari 2021