Barua ya malalamiko: Majina yetu hayakuandikwa popote

Kirumba, Ilemela,
Mwanza.
29 Desemba 2025

Kwa Meneja,
kampuni ya boti za matembezi,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATEMBEZI YA SIKUKUU YA TAREHE 26 DESEMBA 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Juzi Jumamosi nilipiga simu ofisini kwenu kulalamikia matembezi tuliyoyafanya Ijumaa, mimi, mume wangu, mama yangu mzazi na watoto wetu wawili. Binti aliyepokea alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza: "Samahani dada, una uthibitisho gani kwamba mlikuwemo kwenye boti?" Nikamwambia atazame orodha ya abiria. Akanyamaza kidogo, akasema orodha hakuna, labda nimtumie picha.

Swali hilo limekataa kunitoka kichwani. Nilikuwa nimepiga simu kwa sababu ya chakula na kuchelewa. Sasa naandika kwa sababu ya hiyo orodha ambayo haipo.

Nianze na tangazo lenu, maana ndilo lililotuvuta. Lilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki nzima kabla ya Krismasi: chai nzito ya saa nne juu ya maji, kuondoka saa nne kamili asubuhi na kurudi saa saba mchana, kupita Jiwe la Bismarck, kuambaa na Capri Point na kuzunguka kisiwa cha Saanane, huku watu wakinywa supu ya sato na kula chapati, vitumbua, mihogo na matunda bila kupimiwa. Mtu mzima 65,000, mtoto 35,000. Nililipa 265,000 kwa lipa namba siku tano kabla. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mume wangu ni fundi wa majokofu, kwa hiyo hela hiyo ilitengwa tangu Oktoba, kidogo kidogo.

Na haikutengwa kwa ajili ya supu. Ilitengwa kwa ajili ya mama.

Mama yangu ana miaka 69. Mdogo wake wa mwisho alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. Alisafiri daraja la tatu, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Nilikuwa msichana mdogo lakini nakumbuka zile siku. Wajomba walikwenda na kurudi, na kila aliyerudi aliulizwa swali lile lile: jina lake lipo? Halikuwepo. Halikuwepo kwa waliookolewa, wala hapakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba alipanda. Tulichokuwa nacho ni maneno ya rafiki yake aliyemsindikiza bandarini Bukoba, akamwona akipandisha begi. Mwili wake hatukuupata. Mpaka leo mama huenda makaburi ya Igoma, walikozikwa waliokufa katika ajali ile, kila mwezi Mei, anasimama mbele ya makaburi ya watu asiowajua, kwa kuwa mmoja wao huenda ni wake.

Tangu hapo hakukanyaga chombo cha majini. Ukitokea msiba Sengerema alituma rambirambi, yeye akabaki. Juni mwaka huu lilipofunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi tulimpitisha kwa gari, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza. Mwanzoni alifumba macho. Katikati akayafungua, akayatazama maji mpaka tukafika ng'ambo, na tulipokuwa tunashuka upande wa Busisi akasema, "Nilikuwa nimelisusa ziwa, kumbe bado zuri." Ndipo nikapata moyo wa kumwalika kwenye matembezi yenu. Alichukua wiki mbili kunijibu. Aliposema ndiyo, alikwenda kushonesha gauni jipya.

Nimekueleza haya yote, ndugu Meneja, ili ujue ni mtu gani mlimpandisha.

Tulifika gatini saa tatu na nusu. Boti iliondoka saa sita kasoro robo. Hatukuambiwa sababu, lakini tuliiona kwa macho: kila mara ilipofika bodaboda au bajaji na watu wengine, kijana wa mlangoni alipokea fedha taslimu mkononi na kuwaruhusu wapande. Sisi tuliokuwa na tiketi, tiketi zetu zilichukuliwa mlangoni na hazikurudishwa. Risiti ya mashine hatukupewa. Jina la mtu hakuna aliyeliuliza, wala namba ya simu, wala idadi ya watoto. Mama aliwaamkia mabaharia wenu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na wawili wakamwitikia kwa heshima, "Mwangaluka mayu." Nilifurahi. Nikadhani siku imeanza vizuri.

Ukutani, karibu na ngazi ya kupanda sitaha ya juu, pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba chombo kinabeba abiria 60. Mume wangu ana tabia ya kuhesabu vitu, ni mazoea ya kazi yake. Alihesabu watu mara mbili tulipokuwa bado tumefungwa kamba gatini. Mara ya kwanza alipata 91, mara ya pili 94, na hapo hakuwahesabu wafanyakazi wala kina mama wa jikoni. Kisha akaanza kuchungulia chini ya mabenchi. Jaketi okozi alizoziona ni 38. Za watoto hakuona hata moja, na watoto mle ndani hawakupungua ishirini.

Mama aliomba jaketi. Hakupiga kelele, alimwita tu mshereheshaji wenu aliyekuwa na kipaza sauti, akamwambia taratibu kwamba yeye angependa kukaa ameivaa. Akajibiwa mbele za watu kwamba hii ni boti ya starehe, kwamba akivaa atawatia hofu wageni wengine, na kwamba jaketi zipo nyingi stoo. Mama alisema haya mwanangu, akakaa. Niliona mkono wake ukishika chuma cha benchi, na haukukiachia mpaka tuliporudi.

Sasa nikueleze lililotokea pale kwenye Jiwe la Bismarck, kwa sababu kwenye simu niliambiwa "hakukuwa na tukio lolote". Tulipolikaribia, nahodha akapunguza mwendo. Mshereheshaji akatangaza: "Wote njooni upande huu tupige picha ya pamoja!" Na watu wakaja. Wa sitaha ya juu wakasogea upande mmoja, wa chini wakasogea upande huo huo, wengine wamebeba watoto mabegani ili waonekane kwenye picha. Boti ikalala. Siongezi chumvi. Vikombe vilitelemka mezani vikavunjika, birika la chai likaanguka, maji yakaingia pembeni na kulowesha miguu ya waliosimama ukingoni. Nahodha alitoa kichwa dirishani akapiga ukelele watu warudi kati. Wengine walirudi huku wakicheka. Hawakujua kilichokuwa kinataka kutokea. Mama alijua. Alikuwa amemkumbatia binti yangu wa miaka sita kwa mkono mmoja, midomo inacheza kwa sala, na mtoto ananiuliza kwa nini bibi anamminya.

Wewe unafanya biashara ndani ya ziwa hili, sidhani kama unahitaji kukumbushwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza kidogo tu kufika gati la kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Ulikuwa mchana na nchi kavu inaonekana, kama ilivyokuwa kwetu Ijumaa. Kuwa karibu na gati hakumsaidii mtu asiyejua kuogelea aliyefunikwa na watu themanini.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi. Supu iliisha kabla haijafika meza yetu. Chapati zilikuwa za baridi, ngumu, za tangu alfajiri. Vitumbua vilikuwa vizuri, na kina mama waliovipika wapewe haki yao. Chai ya maziwa ilimwagika yote pale kwenye jiwe na haikuletwa nyingine. Saanane hatukuizunguka. Tuliiona kwa mbali, boti ikageuza kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, muda ambao mliula wenyewe gatini. Mwanangu wa darasa la nne alikuwa amejiandaa na daftari. Alisoma kwamba kisiwa kile kilipewa jina la Mzee Saanane aliyeishi pale kabla hakijageuzwa bustani ya wanyama mwaka 1964, na alitaka kuhesabu pimbi juu ya mawe. Alirudi na ukurasa mtupu.

Lipo na jingine ambalo siwezi kulipita, kwa sababu mimi ni mkazi wa mji huu. Wakati wa kurudi, kijana wenu wa jikoni alikusanya sahani za plastiki, chupa na makombo kwenye mfuko mmoja mkubwa akautupa majini, mchana kweupe, tukiwa mkabala na Capri Point. Pale Capri Point pana chanzo cha maji ya bomba ya mji huu. Maji yale ndiyo tunayopikia uji wa watoto wetu, na wako pia, kama unaishi Mwanza.

Narudi kwenye simu. Niliposema kwamba tulikuwa wengi kupita kiasi na jaketi hazikutosha, binti alimpa simu mtu aliyemwita msimamizi. Huyo bwana alinisikiliza akasema: "Lakini mama, si mlifika salama?" Ni kweli, tulifika salama. Hata MV Bukoba ilifika salama miaka mingi, safari baada ya safari, ndiyo maana watu waliendelea kuipanda. Kufika salama Ijumaa iliyopita hakuthibitishi kwamba mlikuwa mmejiandaa. Kunaonyesha tu kwamba upepo haukuvuma na watu waliitikia ukelele wa nahodha kwa wakati.

Na lile swali la uthibitisho nataka nilirudishe kwenu. Mimi ni mzima, nina sauti, nina simu mkononi, na bado nimeshindwa kuwathibitishia kwamba nilikuwa ndani ya boti yenu. Je, ingezama pale Bismarck, nani angemthibitishia mama mkwe wangu kule Magu kwamba mwanawe na wajukuu wake walikuwemo? Waokoaji wangeambiwa watafute watu wangapi? Sitini walioandikwa ukutani, au tisini na nne aliowahesabu fundi wa majokofu ambaye naye angekuwa chini ya maji? Nyumbani kwetu tumekaa na swali hilo kwa miaka 29. Sikubali liingie kizazi kingine kwa sababu ya matembezi ya sikukuu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Fedha yangu, 265,000, irudishwe kwa namba ile ile niliyolipia, muamala ninao. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kabla ya matembezi yenu ya mwaka mpya, kila anayepanda aandikwe jina na namba ya ndugu yake wa kupigiwa, na karatasi moja ibaki nchi kavu kwa mtu asiyesafiri. Idadi iliyoandikwa ukutani ikifika, mlango ufungwe, hata kama gatini amesimama mtu na noti mkononi. Jaketi ziwe mabenchini, zitoshe watu wote, na za watoto ziwepo kwa saizi zao, si stoo. Na huyo mshereheshaji afundishwe kwamba watu hawaitwi wote upande mmoja wa boti, au anyang'anywe kipaza sauti.

Nataka majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nakala ya barua hii naipeleka TASAC, ofisi ya Mwanza, pamoja na picha ya ule ukuta wenye namba 60 na picha ya sitaha ya juu ilivyokuwa imejaa, kwa kuwa wao ndio wenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini. Sifanyi hivyo kwa siri, ndiyo maana nakuambia.

Mama ameniomba niongeze jambo moja. Baada ya boti kulala na kuinuka, mmoja wa wale mabaharia wawili waliomwitikia salamu, kijana mwembamba mwenye kofia ya bluu, alivua jaketi aliyokuwa ameivaa yeye, akapiga magoti, akamfunga mama kamba za kifuani moja baada ya nyingine. Mshereheshaji alimkemea kwa kipaza sauti. Kijana hakujibu, akamaliza kufunga. Mama alikaa nayo mpaka gatini, akamrudishia mkononi. Tumesikia kwamba kuna watu wameitwa ofisini kuhusu siku ile. Huyo kijana asikatwe mshahara wala asifukuzwe kazi.

Wako,

(Saini)
Mteja wa tiketi tano, 26 Desemba 2025

Nakala: TASAC, Ofisi ya Mwanza